Jibu: Telstar au Early Bird, ipi ya kwanza kibiashara?

Salaam ndugu. Umekwama kwa kuwa kitabu kimoja kinaitaja Telstar ya 1962, na kingine Early Bird ya 1965, kuwa setilaiti ya kwanza ya mawasiliano ya kibiashara. Nilipoandaa somo hili nami nilikwama hapo hapo, hadi nilipotazama kwanza njia ya kila moja angani. Telstar, mali ya kampuni ya AT&T, ilikuwa ya majaribio, na antena za Marekani na Ufaransa ziliweza kuitumia kwa pamoja kwa dakika 20 hivi tu kila ilipopita. Early Bird ilitulia juu ya Atlantiki kana kwamba imetundikwa, ikiwa na nafasi ya simu 240 au chaneli moja ya televisheni, na huduma ya kulipiwa ikaanza Juni 1965. Andika Early Bird.