Difu ya RAV4 inalia baada ya kubadilisha sili, ninunue nyingine?

Swali: Habari za kazi fundi. Nina RAV4 ya 2003 ile fultaimu, tairi zote nne zinavuta muda wote, nipo Buhongwa na kila wiki napeleka mzigo Sengerema. Mwezi wa tatu ilianza kuvuja mafuta pale propela (lile bomba linalozunguka kutoka mbele) inapoingia kwenye difu (kasha la gia la nyuma), fundi akabadilisha sili (mpira wa kuzuia mafuta) na kuvuja kukaisha kabisa. Kama wiki tatu baadae ikaanza kulia nyuma, wuuuu, inaanzia 60, ikifika 80 redio siisikii, na nikipita daraja la Busisi ndo balaa kabisa. Nikiachia mafuta inapungua. Fundi huyo huyo anasema difu imekufa ninunue ya mtumba laki nne na nusu, mwingine anasema ni beringi ya tairi. Juzi nikaona na unyevu kwenye tairi la nyuma kulia, kwa ndani. Nimechoka, nifanye nini?

Jibu: Nzuri dada yangu, pole sana. Hiyo laki nne na nusu irudishe kwenye pochi kwanza, bado haijafika zamu yake.

Naanza na ulichokitaja mwisho maana ndo kinaweza kukuua, huo unyevu wa tairi. Pale kwa ndani panaweza kutoka vitu vitatu tofauti na watu wengi wakiona umajimaji wanasema tu difu inavuja. Chukua tishu nyeupe, pangusa, nusa. Mafuta ya difu, ile namba 90, yana harufu mbaya ya kiberiti, ukiyashika asubuhi mchana bado mkono unanuka hata ukinawa na sabuni ya unga, huwezi kuyasahau. Mafuta ya breki ni mepesi, karibu hayana rangi kama mapya, na ukiona hayo basi ni silinda ya breki ndani ya dramu imechoka, hapo usiendeshe, ita fundi aje hapo hapo nyumbani. Cha tatu ni grisi nyeusi nzito iliyorushwa mduara kama mtu kazungusha brashi, hiyo ni buti ya shafti imechanika, yani mpira unaofunika kiungo cha chuma kinachozungusha tairi. Kama ni 90, fuata njia yake kurudi kati, utaikuta imetoka kwenye sili ya pembeni ya difu, shafti inapochomeka, ikaburuzwa na upepo mpaka kwenye tairi.

Sasa kelele. Mimi gari ikija inalia naanza kwa kuuliza nani kaigusa mara ya mwisho na kagusa nini, kabla hata sijainama. Wewe umeshanijibu. Sili ya mbele ya difu ili itoke lazima utoe propela, utoe ile flanji (sahani inayoungia propela), na flanji imeshikwa na nati moja kubwa katikati. Hiyo nati dada siyo nati ya kukaza tu. Nyuma yake kuna pinioni, gia ndogo inayozungushwa na propela, imekaa kwenye beringi mbili za koni, na kati ya beringi hizo kuna bushi nyembamba ya chuma ambayo kiwandani wanaibana mpaka inajikunja kiasi fulani, na huo ubanaji ndo unaoamua beringi zikae na mkazo kiasi gani. Kukaza robo tu ya mzunguko kupita pale ilipokuwa kunatosha kuziharibu.

Fundi anayejua, kabla hajafungua anapiga alama ya ponchi kwenye nati, kwenye ncha ya pinioni na kwenye flanji, anahesabu na nyuzi zinazobaki nje, akirudisha anarudi pale pale kwenye alama, labda na unywele mmoja zaidi. Mwenye vifaa kamili anapima mkazo wa kuzungusha pinioni kwa spana ya kipimo kabla na baada. Sasa kinachofanyika kwenye gereji nyingi, na siwasemi wenzangu vibaya maana na mimi nilipokuwa saidia fundi nilifanya hivyo hivyo mpaka nikachapwa maneno, ni kuchukua bomba la mita moja, kuchomeka kwenye spana na kukaza mpaka mishipa ya shingo inatoka, ukiuliza unaambiwa nimeikaza haivuji tena. Kweli haivuji! Lakini beringi zimebanwa kama meno ya mtu mwenye baridi, zinachemka, baada ya wiki mbili tatu ngozi ya chuma inaanza kubanduka na hapo ndo wuuuu inazaliwa. Yani muda uliousema, wiki tatu, unaingia hapo vizuri kabisa.

Na kuna la pili la siku ile ile. Ukitoa ile sili mafuta lazima yamwagike kiasi, na difu ya gari lako haichukui hata lita moja, kwahiyo ikimwagika glasi moja siyo kidogo. Muulize, aliongeza? Maana beringi ya mbele ya pinioni iko juu na mbali, haiogelei kwenye mafuta, inategemea yale yanayorushwa na krauni, ile gia kubwa inayosukumwa na pinioni, ikizunguka, na mafuta yakipungua yeye ndo wa kwanza kufa njaa.

Ila sitaki na mimi niwe kama wale wawili wa kusema bila kupima. Sauti ya nyuma inadanganya sana, bodi la RAV4 liko wazi mpaka mlango wa nyuma, ni kama ngoma, kelele ya kulia unaweza kuisikia kushoto. Na darajani usipime, zile kingo zinakurudishia sauti kwahiyo kila kitu kinaonekana kimeongezeka ghafla, halafu pale huruhusiwi kusimama. Pimia kipande cha Usagara kwenda Kigongo asubuhi mapema kabla magari hayajawa mengi, vioo juu, redio zima, mtu akae siti ya nyuma.

Fika 80, sikiliza. Kanyaga kidogo, sikiliza, achia kabisa, sikiliza. Halafu kanyaga kwa kiasi kile cha kushikilia tu mwendo usiongezeke wala usipungue. Kelele ya meno ya krauni na beringi za pinioni inabadilika mguu ukibadilika, kwa sababu mguu ndo unaosukuma meno upande huu au ule. Beringi ya tairi haijui kama umekanyaga au umeachia, yenyewe inaangalia spidi na uzito. Kwahiyo ukiwa kwenye 60 barabara ikiwa tupu, yumbisha gari taratibu kushoto, uzito unalalia kulia, kisha kulia, uzito unalalia kushoto. Ikiongezeka upande mmoja na kunyamaza upande mwingine, yule fundi wa pili ana haki yake. Tairi nazo zina lugha yake, ukitoka lami ya zamani yenye kokoto ukaingia lami laini kelele ikabadilika palepale, basi ni tairi, pitisha kiganja juu ya kashata zake uone kama zimelika vilima vilima.

Kwa ulivyoandika, inapungua ukiachia, mimi naegemea pinioni. Halafu pinioni inazunguka mara kadhaa wakati tairi linazunguka mara moja, ndo maana mlio wake ni mwembamba kama mluzi, beringi ya tairi inanguruma nzito zaidi, kama lori la mchanga liko mbali. Wewe umeandika wuuuu, sijui ni wu nyembamba au nene, maandishi hayana sauti 😄

Ukishapima, simama sehemu salama, chini ya difu angalia pua yake, pale propela inapoingia. Dondoshea tone la maji. Likichemka na kupotea hapo hapo tss, pua imechemka kuliko inavyotakiwa. Linganisha na mgongo wa difu, na hapo usiguse kwa mkono.

Akikuambia anainyanyua apime kwa stetoskopu au bisibisi sikioni, sawa kabisa, ni njia nzuri, ila gari hili ni fultaimu, anyanyue magurudumu yote manne juu ya stendi nne. Akinyanyua ya nyuma tu na kuweka gia, nguvu itapita kwenda mbele na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Nimeliona kwa macho yangu, bahati aliyekuwa chini alikuwa ametoka kwenda kuchukua spana.

Turudi kwenye kuvuja, maana hapa kuna kitu ambacho karibu hakuna anayekiangalia. Juu ya difu kuna kipumulio, kidude kidogo kama kofia. Difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka na inatokea pale. Barabara za vumbi za ndani huko Sengerema, tope la masika, kinaziba, na hewa ikikosa mlango inasukuma mafuta kupitia sili. Unabadilisha sili ya mbele, presha inahamia ya pembeni. Na wewe ulianza na sili ya mbele, sasa unaona unyevu pembeni, unaona? Kwahiyo kabla hajagusa sili yoyote mwambie akichomoe, akioshe kwa petroli, apulize, kofia ichezecheze. Ni kazi ya dakika kumi. Kama ile shafti ya pembeni inacheza juu chini ukiitikisa, hapo sili mpya nayo itavuja tu, beringi ya ndani imelegea.

Nina mteja mmoja alikuwa na tabia ya kulirudisha gari kinyumenyume mpaka maji yanafika kwenye eksozi, kule ufukweni, anaosha. Katoka safari difu ya moto, kaiingiza kwenye maji ya ziwa, ndani hewa inasinyaa ghafla inavuta, na inavuta maji. Nilipofungua plagi ilitoka chai ya maziwa, nimeweka kwenye kopo la rangi dogo akaja akauliza nani kaweka uji hapa. Beringi zilikuwa na kutu ya rangi ya machungwa kwenye kila rola. Kama unaosha ziwani, acha.

Sasa mafuta. Fungua plagi ya juu KWANZA, ya kujazia, kabla ya ya chini. Ukimwaga halafu ya juu ikagoma kufunguka umebaki na difu tupu na gari halitoki. Mafuta yanatakiwa yaguse ukingo wa lile tundu, chomeka kidole, ukikuta pakavu umeshapata jibu moja. Kisha mwaga kwenye beseni safi. Uji wa kijivu laini kama masizi ni wa kawaida kwa gari la umri huo. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, vijisahani vyembamba vinavyong'aa, hizo ni beringi zinabanduka. Kipande chenye kona, kinene, hicho ni jino.

Na hapo ndo uamuzi unapotoka. Mafuta safi, kelele ndogo, weka 90 mpya iliyoandikwa GL-5 kwenye kopo, endesha siku chache usikilize. Vijisahani, beringi za pinioni zibadilishwe zote mbili na ile bushi MPYA, maana ikishajikunja hairudi, na yeyote atakayekuambia atalegeza nati kidogo iishe mwache aendelee na kazi zake, ukilegeza pinioni inacheza na meno yanaanza kulana. Jino limevunjika, au krauni ina mistari ya kuchimbika, ndo sasa laki nne na nusu inapata maana.

Ukifika huko, usinunue kwa kuangalia umbo. Fultaimu difu ya nyuma lazima iwe na hesabu ya meno ile ile ya difu iliyotoka nayo kiwandani, ikitofautiana mbele na nyuma zinavutana muda wote na kile kikombe cha mafuta mazito cha katikati, kinachosaidia kugawa nguvu mbele na nyuma, kinaungua. Angalia kibati cha gari, pale kwenye maandishi ya aksili, ulinganishe na gari ilikotoka hiyo difu. Muuzaji hana kibati? Shika flanji moja ya pembeni isizunguke, zungusha ya upande wa pili mizunguko miwili kamili, hesabu pinioni imezunguka mara ngapi, fanya hivyo hivyo kwa yako. Nusa na mafuta yake. Na tairi zako hakikisha zote nne saizi moja na zimelika sawasawa, watu wananunua mbili mbili za nyuma waache za mbele vipara, halafu wanalaumu difu.

Mpaka upime, safari ya Sengerema panda daladala hata wiki hii moja, pinioni ikijifunga kwenye mwendo wa 80 gurudumu za nyuma zinaweza kusimama.

Ukimwaga mafuta nitumie picha. Yachuje kwenye kitambaa cheupe, na kama plagi ya chini ina sumaku usiifute, piga nayo. Ila piga juani, usiwashe flashi ya simu, flashi inafanya hata mafuta mazima yaonekane yamejaa chuma.