Kabla Hujanunua Asterix wa Kiingereza, Fungua Ukurasa wa Wahusika

"Mjomba, yule mganga mzee alikufa lini?"

Mpwa wangu ana miaka kumi. Alikuwa amejilaza mkekani na vitabu viwili vya Asterix, katuni ya Kifaransa ya shujaa mdogo wa Gaul ambaye kijiji chake kinawagomea Warumi wa Kaizari, amevifungua sambamba mbele yake. Nikamwambia mganga hajafa, yumo kwenye kila kitabu, ndiye mpika dawa ya nguvu. Akanivuta nikaangalie. Kwenye kitabu cha kwanza mzee mwenye ndevu nyeupe na mundu wa dhahabu anaitwa Getafix. Kwenye cha pili, ndevu zile zile na mundu ule ule, anaitwa Panoramix. Mkubwa wa kijiji huku ni Vitalstatistix, kule ni Macroeconomix. Mtoto alikuwa ameshajitafutia jibu: wale wa kwanza walifariki, ndugu zao wakarithi vyeo.

Kosa lilikuwa langu. Kitabu kimoja nilikiokota kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, kurasa zimeshaanza kuwa rangi ya chai. Cha pili niliagiza mtandaoni, nikasubiri karibu miezi miwili, nikalipia usafiri kuliko bei ya kitabu chenyewe. Nilitazama jalada tu. Jalada likasema Asterix, nikaridhika. Kumbe Asterix wa Kiingereza wapo wawili, na hawazungumzi Kiingereza kimoja.

Wa zamani ni wa Uingereza. Goscinny, mwandishi, na Uderzo, mchoraji, walimleta Asterix kwenye gazeti la Pilote tarehe 29 Oktoba 1959, na vitabu vya Kiingereza vikaanza kutoka mwaka 1969 kwa mkono wa Anthea Bell na Derek Hockridge. Kabla yao Waingereza walishajaribu kivyao. Mwaka 1963 gazeti moja la watoto liliwahamishia mashujaa hawa Uingereza likawaita Little Fred na Big Ed, kama vile aibu ya kuwa Mfaransa inaweza kufutwa kwa kubadilishiwa jina. Bell na Hockridge walitulia. Hockridge alikuwa mwalimu wa Kifaransa, anayajua maisha ya Wafaransa na utani wao wa kisiasa. Bell alikuwa fundi wa kuchezea maneno, na alilelewa nayo: baba yake ndiye aliyetunga fumbo la maneno la kwanza la gazeti la Times la London.

Wa pili ni wa Marekani. Papercutz, kampuni ya New York, walianza kumtoa upya mwaka 2020, miezi michache baada ya Uderzo kufariki. Mfasiri wao ni Joe Johnson, mwalimu wa Kifaransa chuo kikuu huko Georgia. Michoro haijabadilika. Maneno ndani ya viputo ni mapya, na baadhi ya majina pia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mdogo na ungeniokolea hela: ukikishika kitabu, pita jalada, pita ramani yenye kioo cha kukuzia, nenda ukurasa wa wahusika. Mtazame yule mnene anayebebwa juu ya ngao. Vitalstatistix ni Mwingereza, Macroeconomix ni Mmarekani. Ukiagiza mtandaoni na muuzaji hakuonyeshi ukurasa huo, muulize jina la mfasiri. Mimi niliuliza siku ya pili, baada ya kulipa. Nikajibiwa kwamba kitabu ni kipya kabisa, hakijatumika.

Sasa, upi ni bora? Hilo nimeulizwa sana na marafiki wenye watoto, na kila mara nauliza kwanza: unamtaka wa nini?

Kama ni wa kuchekesha, na wewe ni mtu uliyesomeshwa Kiingereza cha shule zetu, tafuta Bell na Hockridge, hata kiwe kimechanika. Chukua jina la mbwa. Kwa Kifaransa ni Idéfix, kutokana na *idée fixe*, yaani wazo lililokuganda kichwani halitoki. Wao wakampa jina Dogmatix. Ndani yake kuna mbwa, kuna ukaidi wa mtu asiyebadili msimamo, na herufi za mwisho zimekaa pale pale. Bahati kama hiyo mfasiri huipata mara moja katika maisha, na wao waliipata kwenye kitabu cha watoto. Muuza samaki ni Unhygienix, na jina linamstahili: kijiji kiko ufukweni, mawimbi yanasikika, lakini bwana huyu anaagiza samaki Lutetia, Paris ya siku hizo, wanafika wameshachoka. Wakazi wa karibu na Feri, soko la samaki la Dar, mtamwelewa haraka kuliko Mwingereza yeyote.

Kama unamtaka wa kujifunzia Kifaransa, hesabu inabadilika. Mimi nilijifunza darasa la jioni, na njia iliyonisaidia kuliko kitabu cha sarufi ilikuwa kuweka Asterix wa Kifaransa kushoto na wa Kiingereza kulia, kiputo kwa kiputo. Hapo ubingwa wa Bell unageuka mtego. Akishindwa kuhamisha utani wa kiputo hiki, anaufidia kwa utani mwingine kwenye kiputo cha mbele, na kwa mwanafunzi unakuwa mtafutano: unakodoa macho kutafuta neno la Kifaransa ambalo halipo. Nilipoteza jioni nzima hivyo nikitafuta tafsiri ya neno la mzaha ambalo Goscinny hakuliandika. Toleo la Marekani lilinisaidia zaidi kwa kazi hiyo. Jina la mganga, Panoramix, ni lile lile la Kifaransa. Na kuna hili la Getafix: linasikika kama *get a fix*, Kiingereza cha mtu anayesaka kete ya unga. Kwa mzee anayechemsha sufuria na kugawia kijiji kizima dawa ya kuwapandisha nguvu, mtu mzima anacheka, kisha anatazama mtoto kama ameelewa. Macroeconomix, kwa upande wake, nalisamehe kwa shida. Lina harufu ya darasa la mwaka wa pili wa uchumi.

Usichanganye matoleo ndani ya nyumba moja, basi. Au changanya, lakini uwe na majibu tayari.

Jambo jingine kabla sijafika ninakotaka kufika. Kabla ya kumkabidhi mtoto, kisome wewe. Kwenye meli ya maharamia kuna mlinzi Mwafrika juu ya mlingoti, kachorwa na midomo mikubwa myekundu kama katuni za kikoloni zilivyopenda kutuchora, na kwa Kifaransa wamemnyima herufi r. Sikukificha kitabu. Tulikaa na mpwa wangu tukaongea, na aliniuliza maswali mazuri kuliko niliyojiandaa kujibu. Ila nisingependa akutane nacho peke yake.

Sasa ninakotaka kufika. Wasomaji wa Goma, Lubumbashi na Bujumbura mtanicheka, ninyi mnasoma Kifaransa moja kwa moja na mnajua ninachotaka kusema. Sisi wa Dar, Nairobi na Mombasa tuna mazoea ya kudhani kila kitu cha Ulaya lazima kipitie Kiingereza ndipo kitufikie. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipofika kwenye kisa cha Asterix kwenda Uingereza, kile cha mwaka 1966.

Utani mkubwa wa kitabu kile ni kwamba Waingereza wanaongea Kifaransa chenye maneno yaliyopangwa Kiingereza. Mfaransa anasema *potion magique*, jina mbele, sifa nyuma. Mwingereza wa Goscinny anasema *magique potion*. Badala ya kuomba radhi kama watu, anasema "nadai msamaha wako". Akitaka kusalimiana anasema *secouons-nous les mains*, tutikisane mikono, na Obelix, rafiki yake Asterix mwenye nguvu kupita kiasi, ambaye hajawahi kuambiwa neno akalichukulia nusunusu, anamtikisa mgeni wa watu kama anapukutisha embe.

Fikiria kazi ya mfasiri wa Kiingereza hapo. *Magique potion* ukiirudisha kwa Kiingereza inakuwa "magic potion". Hakuna kosa, hakuna kicheko, ni Kiingereza safi cha kila siku. Utani umekufa ukiwa umevaa suti. Bell na Hockridge walitoka kwa kuwapa wale Waingereza lugha ya mabwana wakubwa wa zamani, mambo ya "jolly rum thing" na "old fruit". Ni ujanja mzuri, unachekesha, na sisi tuliosoma hadithi za shule za bweni za Kiingereza tunaupata. Lakini ni kicheko kingine. Kile cha Goscinny kimebaki ng'ambo ya bahari.

Mimi niligundua hili kwa uvivu. Mpwa wangu alitaka nimsomee, Kiingereza chake bado kinasuasua, nikaanza kumfasiria papo hapo kutoka kitabu cha Kiingereza. Kimya. Mzaha wote ukaanguka sakafuni. "Old fruit" nikasema "tunda la kale", akanitazama kwa huruma. Nikafunga kitabu, nikachukua cha Kifaransa, na pale kwenye *magique potion* mdomo ukatoka wenyewe: "ya-ajabu dawa". Mtoto akakaa wima. "Anaongea kama mzungu!"

Ndiyo. Kiswahili kinapanga kama Kifaransa kinavyopanga mara nyingi: jina kwanza, sifa baadaye. Dawa ya ajabu, maji moto, jiwe kubwa. Ukigeuza, kila mtu aliyewahi kumsikia mzungu wa wiki ya kwanza akiagiza chakula anaujua mlio wake. Waingereza wa kitabu kile hawajajua chai, wanakunywa maji ya moto na tone la maziwa. Kwetu wakawa wanaomba "moto maji". Asterix anapouliza kama ukungu ni wa mara kwa mara, anajibiwa kwamba hapana, ni pale tu mvua isiponyesha. Nikamfanya mjibuji aseme "kubwa hapana". Haimo kwenye Kifaransa, nakiri, nilishapata moto.

Kwa hiyo kama unafikiria kufasiri katuni hizi kwa Kiswahili, iwe kwa watoto wako au kwa kazi kubwa zaidi, usianzie kwenye Kiingereza, cha zamani wala kipya. Kitumie kama shahidi, uone wenzako walikwama wapi. Majina utayapata papo hapo. Mwimbaji anayefungwa kamba ili asiimbe anaitwa Assurancetourix, kutoka *assurance tous risques*, ile bima ya gari inayolipia kila kitu. Waingereza waliiacha bima wakashika kelele, wakamwita Cacofonix. Sisi tunayo bima kubwa mdomoni kila siku: Bimakubwix. Kaizari hana shida, Mwalimu Nyerere alishatupa Juliasi Kaizari wa kwetu tangu miaka ya 1960.

Shida halisi ni nafasi. Kiputo hakinyooki. Kifaransa kinasema kwa neno moja fupi, sisi tunaweka nafsi, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja chenye urefu wa treni: "atakapowatikisa" haikatiki vizuri kwenye kiputo chembamba. Nilijaribu kubandika karatasi nyeupe juu ya viputo na kuandika kwa kalamu, na somo nililopata ni kuanza na kiputo kidogo kuliko vyote kwenye ukurasa. Kikikubali, vingine vitakubali. Ukianza na kikubwa utajimwaga, halafu ufike kona ya chini ukute umebakiwa na nafasi ya neno "Ah".

Tulimaliza kurasa zote 44 kwa wiki moja na nusu. Jumapili iliyofuata dada alinipigia, hata salamu hakumaliza. Binti yake alikuwa ameketi mezani mbele ya wageni, amenyoosha kikombe, anaomba moto maji, na alipokemewa akasema anadai msamaha wake. Dada anataka kujua ni Kiswahili cha wapi ninachomfundisha mtoto, na kama kweli mimi ndiye niliyemwambia mjomba wa upande wa baba aitwe Bimakubwix.