Penseli siyo mtoto wa peni

SWALI: Habari za kazi. Mi ni mwalimu wa Kiingereza shule ya msingi hapa Morogoro. Juzi dogo mmoja wa darasa la nne kanyoosha mkono kaniuliza, eti mwalimu, pencil si ndo pen ndogo? Nikamjibu ndiyo, maana hata mi nilikuwa najua hivyohivyo tangu nasoma, ila usiku nikaingiwa na wasiwasi. Nimemlisha matango pori au?

JIBU: Umemlisha mwalimu, ila usijali, wengi tumekulia hapohapo.

Pen imetoka kwenye Kilatini, penna, yaani unyoya, ikapitia Kifaransa ndo ikafika Uingereza. Na kweli walikuwa wanaandikia unyoya, wa bata bukini hasa, unauchonga ncha kwa kisu kidogo, unachovya kwenye wino, ncha ikichoka unachonga tena, ndo maana mpaka leo kile kisu cha mfukoni cha kukunja wanakiita penknife.

Pencil ina ukoo wake mwingine kabisa. Penicillus kwa Kilatini ni kimkia, halafu ikawa brashi ya mchoraji, maana brashi si kama mkia tu (huo mkia wenyewe, kabla haujawa kimkia, umezaa neno lingine la Kiingereza ambalo darasa la nne naomba usiwatajie). Kwa hiyo pencil ilianza kama brashi ya rangi. Miaka ya 1500 ndo yakapatikana madini meusi huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, watu wakayakata vijiti wakawa wanaandikia, jina la brashi likahamia huko. Ndugu yake wa damu unajua nani? Penisilini, ile dawa! Inatokana na ukungu alioukuta mwanasayansi Fleming kwenye kisahani London mwaka 1928, na ukungu huo ukiutazama kwa hadubini una vitawi kama brashi, jina likatoka humo. Yaani penseli na ile sindano wanayoikimbia watoto ni ndugu, peni jirani tu.

Halafu yale madini meusi wakadhani ni aina ya risasi (ile metali, siyo ya bunduki), kumbe kaboni, mkemia Scheele akaja kuonyesha hilo 1779 lakini jina lilishazoeleka. Waarabu wanasema qalam rasas, na sisi tukasema kalamu ya risasi. Na kalamu yenyewe tumeichukua kwa Waarabu, nao asili yake ni Kigiriki, kalamos, utete. Kwa hiyo ukimwambia mtoto atoe kalamu ya risasi umemwambia atoe utete wa risasi, na utete humo hamna, risasi hamna.