Maswali ya Wasomaji: Njia ya Kuingia Shahada ya Uuguzi

Tangu matokeo ya kidato cha sita yatangazwe, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii kutoka Dodoma, Singida na wilaya za jirani zinahusu shahada ya uuguzi: nani ana sifa, aanzie wapi, na ajiandae vipi kabla vyuo havijafunguliwa. Nimechagua barua tano ambazo ndani yake wengine wengi watajiona. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Kibaigwa, nimehitimu kidato cha sita katika tahasusi ya CBG. Nimepata B ya Baiolojia, C ya Kemia na C ya Jiografia, yaani pointi 10. Wenzangu wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) wenye pointi 6 wanakubaliwa kuomba shahada ya uuguzi, lakini mimi mfumo wa chuo unanikataa. Je, nimeonewa?

Marahaba, mwanangu. Hujaonewa, ingawa uchungu wako naujua, kwa sababu kila mwaka wapo wanafunzi wenye matokeo mazuri kama yako wanaogundua jambo hili siku ya kuomba chuo, wakati lilipaswa kuelezwa siku ya kuchagua tahasusi.

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili unaoeleza sifa za kila programu katika kila chuo. Kwa shahada ya uuguzi, mwongozo huo umekuwa ukidai ufaulu wa masomo makuu matatu: Kemia, Baiolojia, na la tatu liwe Fizikia, Hisabati ya Juu au Lishe. Kemia isipungue C, Baiolojia isipungue D, na somo la tatu lisipungue E. Kwa kuwa C ina pointi 3, D ina 2 na E ina 1, hapo ndipo zinapopatikana zile pointi 6 ambazo wenzako wanazitaja. Jiografia haimo kabisa katika hesabu hiyo, na BAM uliyoisoma, yaani ile hisabati ya msingi, si somo kuu, kwa hiyo haiwezi kukaa mahali pa Hisabati ya Juu. Mfumo uliokukataa haukutazama pointi zako 10. Ulitafuta somo la tatu na haukuliona.

Nitaje pia mtego wa pili unaowanasa hata wa PCB. Mwanafunzi mwenye B ya Baiolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia ana pointi 7, lakini Kemia yake haijafika C, na wingi wa pointi haumsaidii. Soma sharti la kila somo kwanza, halafu ndipo ujumlishe.

Kwako wewe naona njia mbili. Ya kwanza ni kurudia Fizikia ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, jambo linalowezekana, ila linahitaji kituo chenye maabara ya kweli, kwa sababu mtihani una sehemu ya vitendo. Ya pili, ambayo ningekushauri uitafakari zaidi, ni kuomba stashahada ya uuguzi na ukunga kupitia vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Huko hutazamwa matokeo ya kidato cha nne, hasa Kemia, Baiolojia na Fizikia, na mafunzo huchukua miaka mitatu. Ukimaliza unakuwa muuguzi kamili mwenye uwezo wa kuajiriwa, na mlango wa shahada unabaki wazi kwa sifa nyingine ambazo nitazieleza katika jibu linalofuata. Usikubali mtu akuambie kwamba hiyo ni njia ya walioshindwa. Baadhi ya wanafunzi hodari wa shahada niliowaona wodini ni wale waliokuja wakiwa tayari wamefanya kazi vituo vya afya vijijini.

Na walimu na wazazi mnaosoma hapa, nawasihi: mtoto wa kidato cha nne anayesema anataka kuwa muuguzi aambiwe habari hii ya Jiografia sasa, kabla hajajaza fomu ya tahasusi.

Mimi ni muuguzi wa ngazi ya stashahada katika kituo cha afya wilayani Manyoni. Nataka kujiendeleza nipate shahada. Nianzie wapi?

Anza na vyeti viwili, cha kidato cha nne na cha stashahada. Kwa waombaji wa aina yako, kigezo cha kawaida ni wastani wa B au GPA (wastani wa alama zote) isiyopungua 3.0 katika stashahada, pamoja na ufaulu wa angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza za kidato cha nne. Wengi hukwama kwenye sharti hili la mwisho, kwa sababu mtu amefanya kazi miaka mingi akiwa na F ya Hisabati ambayo hakuna aliyemuuliza tena. Kama ni hivyo kwako, rudia somo hilo mapema. Usingoje dirisha la udahili lifunguliwe.

Kisha omba NACTVET wakupatie namba ya uhakiki wa tuzo, ile inayojulikana kama AVN, kwa kuwa bila hiyo fomu ya chuo haiwezi kukamilika. Vilevile zungumza na mwajiri wako kabla ya kuomba. Mtumishi wa umma huhitaji kuwa katika mpango wa mafunzo wa halmashauri na kupata ruhusa ya masomo kwa maandishi, na barua hiyo haipatikani kwa siku moja. Leseni yako ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ihuishe kwa wakati hata ukiwa masomoni.

Mimi ni kijana wa Kondoa, nina sifa zote na nimeomba vyuo vitatu, kimojawapo Chuo Kikuu cha Dodoma. Vyuo vinafunguliwa kuanzia Oktoba. Nikae tu nyumbani nisubiri, au kuna cha kusoma?

Kipo, na barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu miezi hii ya kusubiri ndiyo inayomtofautisha mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza akipumua na yule anayeingia akizama. Shahada hii huchukua miaka minne. Mwaka wa kwanza umejaa anatomia, fiziolojia, bayokemia na mikrobiolojia, yote kwa Kiingereza, na huku unapelekwa wodini kujifunza kutandika kitanda chenye mgonjwa, kumwogesha na kumpima.

Rudia Kemia yako, lakini irudie ukiielekeza kwa mgonjwa. Chukua mada ya mkusanyiko wa myeyusho: dripu ya chumvi inayotundikwa kila siku hospitalini ni ya asilimia 0.9, maana yake kila lita ina gramu 9 za kloridi ya sodiamu. Dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 kwa lita, hivyo chupa ya mililita 500 ina gramu 25. Chukua mada ya asidi na besi: damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya pH 7.35 na 7.45, na mapafu na figo hufanya kazi usiku na mchana ili isitoke hapo. Hospitali ya Benjamin Mkapa, ambayo iko jirani na chuo ulichokiomba, imekuwa ikipandikiza figo tangu mwaka 2018. Muuguzi anayemhudumia mgonjwa wa figo asipoelewa kwa nini potasiamu ikipanda katika damu moyo unaweza kusimama, atakuwa anajaza chati ambayo haisomi.

Hisabati unayohitaji si ngumu, ila haisamehe. Jizoeze hesabu kama hizi hadi uzifanye bila kusita. Mgonjwa ameandikiwa mililita 500 ziingie kwa saa 4, na mpira wa dripu hutoa matone 20 kwa kila mililita. Matone yote ni 10,000, dakika ni 240, kwa hiyo unafungulia matone kama 42 kwa dakika. Mtoto wa kilo 12 ameandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 180. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika mililita 5, hivyo atapewa mililita 7.5. Nukta hiyo ikihama sehemu moja tu, mtoto atapewa mililita 75, na hakuna mwalimu atakayesahihisha kwa kalamu nyekundu. Ndiyo sababu nasisitiza uandike kila hatua na kila kipimo chake, hata pale unapojua jibu kwa kichwa.

Jambo la tatu ni lugha. Utafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na taarifa za zamu pia huandikwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa atakuambia maumivu yake kwa Kiswahili, na bibi aliyeletwa kutoka kijijini atakuambia kwa Kigogo au kwa Kirangi chako. Kila siku andika aya moja ya Kiingereza inayoeleza jambo ulilolishuhudia kwa mpangilio, saa gani lilitokea, nani alifanya nini na nini kilifuata. Huo ndio mtindo wa taarifa ya muuguzi. Kisha jaribu kumweleza mtu wa nyumbani, kwa maneno anayoyaelewa, kwa nini dawa fulani hunywewa baada ya chakula. Ukiweza yote mawili umepiga hatua kubwa.

Mwisho, nenda kwenye zahanati iliyo karibu nawe ukamwombe mganga mfawidhi akuruhusu kusaidia kazi ndogo siku chache kwa wiki: kupanga foleni, kubeba mafaili, kufagia. Usiguse dawa wala sindano, na utakayoyasikia kuhusu afya za watu usiyatoe nje, hata kwa mama yako. Angalia wauguzi wanavyofanya kazi saa kumi za alasiri wakiwa wamechoka, halafu ujiulize kama bado unataka.

Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, utatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha chuo unachokwenda. Thibitisha kimoja ndani ya muda uliowekwa, kwa maana anayekaa kimya hupoteza nafasi yake.

Nilitaka udaktari lakini pointi hazikutosha. Nikisoma uuguzi, nitaweza baadaye kuhamia udaktari? Msomaji, Dodoma mjini.

Nakuomba usiingie uuguzi kwa nia hiyo. Uuguzi si nusu ya udaktari; ni taaluma yenye sheria yake, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, yenye baraza lake, na yenye ngazi zake za kupanda. Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa utarajali, yaani mafunzo ya kazini chini ya usimamizi, na mbele yake zipo shahada za uzamili, kwa mfano pale Muhimbili, katika ukunga na afya ya wanawake, uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, na uuguzi wa afya ya akili. Hapa Dodoma kwenyewe tuna Mirembe, hospitali ambayo wagonjwa wa akili wa nchi nzima huletwa, na ukikaa huko siku moja utaona kwamba anayekaa na mgonjwa kutwa kucha ni muuguzi. Mwanafunzi anayesoma huku macho yake yako kwingine humwonea mgonjwa bila kujua. Kama moyo wako uko kwenye udaktari, rudia mtihani; hakuna aibu yoyote katika hilo.

Dada yangu, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa Mpwapwa, binti yangu amepata nafasi ya kusoma uuguzi. Uwezo wangu ni mdogo. Nimnunulie nini, na nini kinaweza kungoja?

Nzuri, ndugu yangu, na hongera kwa binti. Kabla ya kununua chochote, hakikisha maombi yake ya mkopo yamekamilika, kwa sababu dirisha la Bodi ya Mikopo halifuati ratiba ya vyuo na halimngoji mtu. Cheti chake cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, majina yake yafanane katika vyeti vyote, na fomu isainiwe na uongozi wa kijiji na wakili au hakimu kabla ya kurudishwa kwenye mfumo. Tenga pia fedha za kumtosha majuma ya mwanzo, kwa kuwa mkopo huingia baada ya mwanafunzi kusajiliwa chuoni.

Mnunulie saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ya bei ndogo tu, kwa sababu ataitumia kila siku kuhesabu mapigo ya moyo na pumzi, na simu haifai kushikwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Mnunulie viatu vya kufunika vidole, vyenye soli laini. Sare asubiri maelekezo ya chuo ndipo ishonwe. Kompyuta na kipima mapigo cha masikioni vinaweza kungoja, na hasa hicho cha pili msinunue cha bei rahisi barabarani.

Jambo moja usilipuuze ni chanjo ya homa ya ini B. Binti yako atashika damu na sindano tangu mwaka wa kwanza, na chanjo hiyo hutolewa mara tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mpeleke hospitali ya wilaya wiki hii aulizie, apimwe kwanza kisha aanze, ili dozi mbili ziwe zimeshaingia mwilini kabla hajakanyaga wodi. Na mwambie mapema kwamba akichomwa na sindano iliyotumika asifiche kwa woga: aoshe jeraha kwa maji na sabuni, amwambie msimamizi wake saa ileile, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa haraka iwezekanavyo na zisivuke saa 72.