Hawajapoteza hata mechi moja, ubingwa wakanyimwa: imekaaje hii?

SWALI: Mhariri wa michezo salamu, na hongera kwa kazi. Mpira wa Kimarekani nimeanza kuufuatilia juzijuzi tu, ule wa vyuo, sasa kuna jamaa kaniambia chuo kikuu cha Central Florida mwaka 2017 walimaliza msimu mzima bila kupoteza mechi na bado hata nafasi ya kugombea ubingwa hawakupewa. Nikambishia sana. Mtu hajapigwa na yeyote, bingwa ni nani kama siyo yeye?

JIBU: Salamu zimefika. Umebisha bure ndugu yangu, jamaa kasema kweli tupu.

Wewe unaiwaza kama ligi ya soka, kila timu inakutana na kila timu, pointi zinajumlishwa, mwenye nyingi anabeba. Kule vyuo vya daraja la juu vinapita 120 na kila kimoja msimu wa kawaida kina mechi 12 tu, maana watu wanagongana haswa na huwezi kuwarudisha uwanjani kila baada ya siku mbili. Kwa hiyo timu nyingi hazikutani kabisa. Zimegawanywa kwenye makundi yanaitwa konferensi, yapo makubwa yenye hela na majina, yapo na madogo, na mwaka huo nani acheze pleofu, yaani mtoano wa ubingwa, iliamuliwa na kamati ya watu 13 waliojifungia hotelini kule Texas wanapanga timu wanavyoona wao. Nafasi zenyewe nne!

Sasa Central Florida wakati huo walikuwa konferensi ndogo. Na hawa watu mwaka 2015 walipoteza mechi zote 12, zote, afu miaka miwili mbele hawashikiki. Mechi yao na mahasimu wao South Florida ndo ilikuwa balaa, wamesawazishiwa 42-42 dakika za mwisho kabisa watu wameshika vichwa, mpira unaanzishwa upya, Mike Hughes anaudaka na kukimbia nao yadi 95 mpaka mwisho wa uwanja, 49-42. Wiki iliyofuata fainali ya konferensi wakaipiga Memphis 62-55 baada ya muda wa nyongeza mara mbili. Kamati ikatoa orodha, wakawekwa namba 12.

Hoja ilikuwa kwamba wapinzani wao wepesi. Mimi hii hoja siielewi vizuri, kwa sababu vigogo wenyewe hawana hamu ya kucheza na timu kama hizi, wakishinda hakuna anayeshangaa na wakipoteza ni aibu, afu mwisho wa msimu unamwambia mwenzio mbona hukucheza na vigogo. Na mechi yao na Georgia Tech, timu ya konferensi kubwa, ilifutwa kwa sababu ya kimbunga Irma. Maryland walicheza nao wakawatandika 38-10 kwao hukohuko.

Wakapewa Peach Bowl, mechi ya heshima tu, tarehe 1 Januari 2018 dhidi ya Auburn. Hapo ndo utamu, maana Auburn msimu huohuo alishawapiga Alabama na Georgia, na hao wawili ndo waliocheza fainali ya taifa! Central Florida wakashinda 34-27. Beki wao Shaquem Griffin, ambaye mkono wa kushoto hana kiganja, alikatwa akiwa na miaka minne, alimsumbua kwotabeki wa Auburn, yaani yule mpiga pasi anayeongoza mashambulizi, mpaka akachaguliwa mchezaji bora upande wa ulinzi. Wakamaliza 13-0, yaani wameshinda 13 na hawajapoteza hata moja, timu pekee ya daraja la juu iliyomaliza hivyo. Basi wakajitangaza mabingwa wenyewe, bango likapanda uwanjani, makocha wakalipwa bonasi ya ubingwa, na paredi wakaifanya Disney World. Wengi waliwacheka. Mimi nasema walikuwa na haki, ingawa kombe rasmi la Alabama linabaki la Alabama.

SWALI: Kwani timu kubwa nayo ishawahi kufanyiwa hivi?

JIBU: Florida State mwaka 2023. Wako 13-0, mabingwa wa konferensi kubwa, lakini kwotabeki wao Jordan Travis kavunjika mguu Novemba, kamati ikaona bila yeye timu imepungua, ikamchukua Alabama aliyekuwa kapoteza moja. Kelele zake usiulize. Wachezaji wengi wakakaa nje ya mechi ya mwisho dhidi ya Georgia, wakaliwa 63-3. Kuanzia 2024 nafasi ziko 12 na mabingwa watano wa konferensi wanaingia moja kwa moja, kwa hiyo asiyepoteza kuachwa nje sasa ni ngumu kidogo.

SWALI: Na katika wote wasiopoteza, kwako nani mkali zaidi?

JIBU: LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, ya 2019, mnisamehe mnaopenda timu za zamani. 15-0, kwotabeki wao Joe Burrow kapiga pasi 60 za tachidauni, yaani pasi za bao, msimu mmoja. Nusu fainali na Oklahoma alishapiga saba kabla ya mapumziko, mechi ikaisha 63-28, na fainali Clemson waliokuwa mabingwa watetezi wakalala 42-25. Na huyu Burrow alihama Ohio State kwa sababu namba ilikuwa haipatikani.