Lugha ya mihuri ya Bonde la Indus
Je, lugha ya mihuri ya ustaarabu wa kale wa Bonde la Indus (Pakistan na India ya leo), yaani vijiwe vilivyochongwa alama na wanyama, ni Kisanskriti, lugha ya kale ya India? Hapana, haijathibitishwa. Dhana yenye nguvu zaidi ni lugha ya jamii ya Kidravidi, ndugu wa Kitamil cha kusini mwa India. Mtafiti Asko Parpola wa Ufini anaitetea tangu miaka ya 1960. Kisanskriti kinakwama kwenye farasi: mihuri ina fahali, tembo, hata kifaru, farasi hayumo, ilhali Rigveda, kitabu kitakatifu cha kale cha Kisanskriti, imejaa farasi. Ila asikudanganye mtu kwamba maandishi ya mihuri hiyo yameshasomwa. Maandishi mengi yana alama tano hivi tu, na hakuna jiwe lenye maneno yale yale kwa lugha mbili la kulinganishia. Mwaka 2004 watafiti Farmer, Sproat na Witzel walidai alama hizo hata si maandishi ya lugha yoyote. Hapo, kwangu mimi, walipitiliza.