Kipimo kinakwama bar 8 tangu tufunge aisoleta

SWALI: Tuna transmita ya waya mbili, kifaa kinachopima presha ya bar 0 hadi 10 na kuituma kama mkondo wa miliampea 4 hadi 20, kwenye saplai ya volti 24. Mkondo wake unapita kwenye rekoda na PLC (kompyuta ya kuendesha mitambo), kila kimoja kina rezista ya omu 250. Kipimo kilikuwa kikiyumba kila pampu inapowashwa, kwa sababu rekoda na PLC zimeunganishwa na athi (ardhi) tofauti. Fundi akafunga kati yao aisoleta, kifaa kinachopitisha ishara huku kikitenganisha saketi mbili, ya aina isiyohitaji waya wa umeme. Kuyumba kumekwisha, lakini sasa kipimo hakivuki bar 8 na kitu. Fundi anasema aisoleta ni nzima, tubadilishe tu skeli kwenye PLC, yaani jinsi inavyogeuza miliampea kuwa bar. Tukubali?

JIBU: Msikubali. Aisoleta ni nzima kweli, na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Karibu kila mara ninapoitwa kwa tatizo hili naambiwa, "Hii haitumii umeme." Inatumia. Haina waya wake wa umeme kwa sababu inakula kwenye mkondo uleule wa transmita. Kosa linalofuata ni kudhani kwamba PLC ikishatenganishwa, mzigo wake umeondoka kwa transmita. Haujaondoka. Kilichokatwa ni njia ya athi; nguvu ya kusukuma mkondo kwenye omu 250 za PLC bado inatoka kwenye saplai ileile, ikipitia aisoleta.

Pigeni hesabu. Transmita nyingi za aina hii zinataka volti 12 hivi ili zifanye kazi. Someni karatasi za yenu. Katika 24 zinabaki 12. Kwenye miliampea 20, rekoda inachukua volti 5, PLC 5, na kebo, tuseme ina omu 30, inachukua 0.6. Jumla 10.6, ndiyo maana mwanzoni mlikuwa mkifika juu bila shida. Aisoleta ikija na volti 3 zake mnahitaji 13.6, nanyi mna 12. Mkondo unagota kwenye miliampea 17 hivi, yaani bar 8.1. Hicho ndicho mnachokiona.

Sasa hiyo skeli. Mkiiambia PLC kwamba miliampea 17 ni bar 10, presha halisi ya bar 5 itasomeka 6.2, na ikiwa 8.1 itasomeka 10. Ikipanda hadi 9 au 9.5, bado itasomeka 10 ileile. Huko si kurekebisha kipimo, ni kukificha. Hata kwa skeli ya zamani, kama alamu yenu ya presha kubwa imewekwa bar 9, tangu siku ile aisoleta ilipofungwa hamna alamu.

Tiba ni aisoleta yenye saplai yake, au kushusha rezista ya rekoda hadi omu 100, kama rekoda inaruhusu kuwekewa volti 0.4 hadi 2. Hapo mtahitaji volti 10.6 tu, na hata miliampea 21, ambayo transmita huitoa kuashiria hitilafu, itapita. Kisha toeni kidhibiti kwenye otomatiki mkiendeshe kwa mkono, ilazimisheni transmita itoe miliampea 20, mpime volti kwenye vituo vyake vya kufungia waya. Fundi asiyepima hapo hajamaliza kazi, hata kama skrini imetulia.

Na kuna dawa mbaya zaidi ya hii ya skeli. Nimekuta paneli ambazo mtu alikata waya wa athi ya usalama ili kipimo kitulie. Kikatulia, na mlango wa paneli ukabaki unamsubiri mtu wa kwanza kuugusa siku waya wa umeme utakapolegea. Wavu wa chuma unaofunika nyaya ndani ya kebo ya ishara unaweza kufungwa athi upande mmoja tu, ndiyo kanuni ya kawaida. Athi ya mwili wa mashine haiguswi, fundi awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Kwa leo, acheni skeli kama ilivyo, na waambieni waendeshaji wa zamu zote kwamba kipimo kikifika bar 8 wasome geji ya bomba.